Barua kwa mwanangu: Hulot hatazamwi kwenye simu

Mwanangu Salma,

Salamu nyingi. Umeniuliza kwa nini filamu ya kuchekesha ya Kifaransa, Les Vacances de Monsieur Hulot (Likizo ya Bwana Hulot), inasifiwa hivyo wakati haina kisa, watu wake wanamumunya maneno, na wewe hukucheka hata mara moja. Umesema pia uliitazama kwenye simu, sauti ukiwa umeipunguza. Mama, hapo ndipo ilipokuponyoka.

Mwongozaji Mfaransa Jacques Tati aliitoa mwaka 1953. Aliipiga Saint-Marc-sur-Mer, pwani ya Ufaransa karibu na Saint-Nazaire, na anayeigiza Hulot, mhusika mkuu, ni yeye mwenyewe. Kamera yake hukaa mbali. Haikuvuti usoni kwa mtu ili ujue pa kucheka. Mara nyingi kichekesho kiko pembeni, nyuma ya mtu anayesema. Kioo cha simu kinakimeza.

Sauti nayo ni nusu ya filamu. Sauti zilitengenezwa baadaye studioni, na mazungumzo yakashushwa makusudi yawe kelele tu. Mwanzoni, stesheni ya treni, kipaza sauti kinakoroma, hakuna anayeelewa, abiria wanakimbia jukwaa hili hadi lile. Mfaransa naye haelewi! Kwa hiyo usihangaike na tafsiri chini ya picha. Sikiliza mlango wa chumba cha kulia: kila mhudumu akipita unatoa mlio ule ule mzito, na baada ya mara kadhaa unacheka kabla haujafunguka.

Tazama kwa makini pale makaburini. Gari la Hulot linapata pancha. Anatoa tyubu, inaanguka kwenye majani yaliyolowa, majani yanaganda pande zote. Mtu wa mazishi anaiona, anaiokota kwa heshima akidhani ni shada, anaitundika pamoja na mengine. Kisha inaanza kutoa upepo taratibu. Hulot hawezi kuidai; anajikuta kwenye mstari akipokea rambirambi. Hakuna aliyefanya upuuzi: kila mmoja alitenda jambo la busara kwa alichokiona. Ndiyo maana kichekesho hiki hakichuji. Ukikosa sekunde zile za majani, yanayofuata hayana maana, na hapo ndipo simu inapokupotezea.

Wageni wa hoteli nao wafuatilie. Wafaransa walipata likizo ya malipo ya wiki mbili kwa sheria ya 1936, na Tati anawaonyesha watu waliopewa mapumziko wasiyoyaweza: mfanyabiashara anaitwa kwenye simu kila mara, mwanajeshi mstaafu anaendesha pikiniki kama vita. Kuna pia wanandoa wazee. Mke anatangulia akiokota kombe za baharini, anampa mume, naye anazitupa nyuma.

Tafuta nakala iliyokarabatiwa, ya takriban dakika 88. Hiyo ndiyo hariri ya mwisho ya Tati, ya 1978, ambamo aliongeza picha za watu wakitimuliwa ufukweni na mtumbwi unaojikunja kama taya, baada ya Jaws (yaani Taya), filamu ya Spielberg ya 1975 kuhusu samaki papa. Itazame kwenye televisheni kubwa au projekta, sauti juu, na usikatishe. Ukitazama na wenzako ni bora zaidi, maana mwenzio atacheka kona usiyoiangalia.

Na usimsahau yule mzee wa kombe. Wageni wengi wanaondoka bila kumjali Hulot, lakini yeye anamfuata kumuaga.

Baba yako