Kwa mnaokuja kusoma Xi'an: jueni kwanza mji upi ulikuwa wapi

Wadogo zangu mliopata skolashipu ya kuja Xi'an, karibuni sana. Mambo ya viza, bweni na msosi wengine watawaelekeza, mimi nataka niongelee historia ya huu mji maana nimeona watu wanakaa hapa mpaka wanamaliza digrii wanaondoka na picha za wale askari wa udongo wa kaburi la mfalme Qin Shi Huang tu, na hilo linaniuma kweli.

Cha kwanza kabisa mkishike: hapa hakuna mji mkuu mmoja wa kale, ipo kadhaa, na kila mmoja ulikuwa na kiwanja chake. Qin Shi Huang aliyeiunganisha China mwaka 221 KK alitawala akiwa Xianyang, ng'ambo ya mto Wei, upande huohuo mtakaoshukia na ndege. Wakaja wafalme wa nasaba ya Han, wakajenga Chang'an yao kusini mwa mto, magofu yake leo yako kaskazini-magharibi mwa mji. Halafu mwaka 582 mfalme wa nasaba ya Sui akaona mji ule umechoka, hata maji yake ya ardhini yameshaingia chumvi, akampa kazi Yuwen Kai achore mji mpya kabisa pembeni, na huo ndo wafalme wa nasaba ya Tang waliuchukua mwaka 618 wakaurudishia jina la Chang'an.

Sasa ule ukuta wa katikati ya mji ambao watu wanaendesha baiskeli juu yake, huo sio wa Tang. Ni wa Ming, miaka ya 1370, mzunguko wake karibu kilometa 14. Mkitaka kuamini tokeni lango la kusini mtembee, tena kwa miguu sio metro, mpaka ile pagoda kubwa, yaani mnara wa Kibudha, iliyojengwa mara ya kwanza mwaka 652 kutunzia maandiko ya Kibudha ambayo mtawa Xuanzang alirudi nayo kutoka India. Mtatembea kilometa kadhaa nje ya ukuta, na bado enzi za Tang hapo palikuwa ndani ya mji, ukuta wao wa kusini uko mbele huko. Kilometa za mraba 84 ukizisoma kitabuni haziingii akilini, ila miguu ikichoka utazielewa.

Na maisha ya humo yalikuwa ya utaratibu mkali. Mji ulikatwakatwa mitaa zaidi ya 100, kila mtaa una ukuta wake na mageti yake, jioni ngoma zinapigwa mageti yanafungwa, ukikutwa barabara kuu usiku bila sababu ya maana unachapwa viboko 20. Masoko yalikuwa mawili, la mashariki na la magharibi, yanafunguliwa saa sita mchana kwa mapigo 300 ya ngoma. Soko la magharibi ndo lilikuwa na wageni wengi, Waajemi na Wasogdi waliokuja na misafara kutoka Asia ya Kati, mimi kama mgeni kwenye mji huu hiyo sehemu ndo naipenda kuliko zote.

Mtauliza sasa yale majumba ya Tang yako wapi. Yalikuwa ya mbao! Mwaka 904 jemadari Zhu Wen alimlazimisha mfalme kuhamia Luoyang, akaamuru majengo yabomolewe, mbao zikashushwa mtoni zikielea. Xi'an haikuwa tena mji mkuu wa dola nzima. Kwa hiyo ukienda pale kasri la Daming ukakuta misingi na uwanja mpana usiseme hamna kitu, uliza kilichosimama hapo.

Askari wa udongo nendeni, sikatazi, ila tengeni siku pia ya Yangling karibu na uwanja wa ndege, kaburi la mfalme Jing wa Han. Unatembea juu ya vioo, chini yako kuna sanamu ndogo zisizo na mikono, kwa sababu mikono ilikuwa ya mbao na nguo zilikuwa za kitambaa, vyote vimeoza. Makumbusho ya historia ya mkoa wa Shaanxi wekeni bukingi mapema, nafasi zinaisha haraka mno.

Na Beilin, nyumba ya mawe yaliyochongwa maandishi, msiipite mbio. Tafuteni jiwe la mwaka 781 linaloeleza Wakristo waliofika Chang'an mwaka 635, angalieni chini na ubavuni, kuna maandishi ya Kisiria kabisa, lugha ya kale ya Wakristo wa Mashariki ya Kati, pembeni ya Kichina, na majina ya mapadri wao yamo.