Usiachie nafasi ya TAMISEMI kabla hujapata namba mbili

Mkuu, usilipe kwanza! Unasema binti ana Division One, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayopanga wanafunzi, imempangia kidato cha tano PCB (fizikia, kemia, biolojia) shule ya serikali, nyie ni Walutheri, na unataka kumpeleka shule ya masista kwa sababu "pale hakuna zero". Hizo zero zina pa kwenda. Moja ilikuja kulala sebuleni kwangu.

2022, mwaka uleule serikali ilipofuta ada ya kidato cha tano na sita, mimi niliacha nafasi ya bure nikakopa SACCOS nikawalipe masista milioni mbili na nusu. Nikajiona mjanja. Kwenye fomu ya kujiunga kulikuwa na mstari mmoja: asiyefikisha wastani wa 60 haendi kidato cha sita. Nikasaini bila kusoma, maana mzee mmoja wa jumuiya yetu aliniapia, "Wale masista ni mama zetu, hawafukuzi mtu." Watoto wake walikuwa wanaokota A kama embe, angejuaje? Siku hizi tukipeana amani kanisani namshika vidole viwili tu.

Binti akapata 57. Nikaitwa nimchukue na godoro lake. Nikauliza, kwani kafeli? "Baba, ulisaini." Ada hairudi. Nafasi ya TAMISEMI ilishakufa zamani. Shule nyingine zote zilitaka arudie tano. Mwishowe akafanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, namba yake inaanza na P, wenzake waliobaki shuleni S. Akapata Division Two. Two, jamani! Sasa huyo alishindwa nini, zaidi ya kuwachafulia bango la matokeo pale getini? NECTA, baraza la mitihani, iliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023, lakini bango halina habari.

Nenda kwa mkuu wa shule umuulize: walioanza tano walikuwa wangapi, na waliofanya mtihani wa sita wangapi? Akianza kukusimulia nidhamu na sala, fungua matokeo ya NECTA uhesabu watahiniwa wa kituo chao, kisha mtafute mwanafunzi akwambie walianza mikondo mingapi. Wakiingia 140 wakafanya 96, wale 44 hawakupaa mbinguni. Hadi uwe na namba hizo mbili mkononi, binti akaripoti serikalini.

Hiyo fomu umeshasaini, au bado iko mezani?