Stempu za maua ya porini: mmeuliza kama kuna maana bado

Swali lenu la wiki hii, eti kukusanya stempu kuna maana gani siku hizi barua zenyewe zikiwa hakuna, limenigusa pabaya. Mimi nina albamu tangu shule ya msingi na siweki kila stempu, naweka za maua ya porini peke yake. Kwa hivyo nitajibu kuhusu hizo.

Wa rika langu mnazikumbuka zile za Kenya za 1983. Wakati wa Jumuiya ya Afrika Mashariki stempu za sherehe tulikuwa tunatumia moja na Uganda na Tanzania, ila za kila siku tulikuwa na zetu, zile za makombe ya baharini, halafu Jumuiya ikavunjika 1977 zikaja za madini, ndio baadaye yakaja maua. Na si waridi za bustani jamani, ni mimea ya kando ya barabara! Aspilia mossambicensis, Dombeya burgessiae, Lantana trifolia ile ya matunda ya zambarau tuliyokuwa tunakula tukichunga mbuzi, si ile lantana ya kigeni iliyovamia mashamba. Tena zilikuwa stempu za kila siku, za kutumia barua ya kuomba karo, hazikuwa za sherehe.

Mjomba wangu alikuwa karani upande wa Voi na bahasha zote za ofisi alikuwa ananiwekea. Jumamosi tunakata kona yenye stempu, tunaloweka kwenye karai la maji baridi, na bahasha za rangi tunazitenga manake zinachuja rangi zikaharibu nyingine, tunangoja mpaka gundi ilegee karatasi iachane yenyewe, ukivuta kwa haraka inachanika, halafu tunazilaza kifudifudi juu ya gazeti kivulini, zikikauka zinaingia katikati ya kamusi zinyooke. Siku moja ikatoka stempu ya ua linaloitwa Adenium obesum. Mjomba akaitazama, akasema hii naijua wewe, akanipakia kwenye baiskeli saa nane ile ya jua kali mpaka nje ya mji, na pale kwenye mawe palikuwa na kijiti kimevimba shina kama chupa, hakina jani hata moja, kimejaa maua ya pinki. Kiangazi kikavu hicho, kila kitu kimeungua. Akanikataza kukivunja, akasema utomvu wake ni sumu, wazee walikuwa wanapaka kwenye mishale. Tulikaa pale mpaka jua likapoa, stempu iko mkononi, mimi naangalia ua, naangalia stempu, yeye ananionyesha majina ya miti mingine kwa Kitaita.

Nilianza kuandika nikiwa na ndiyo kubwa. Sasa sina hakika nayo. Mtu akinunua seti nzima mtandaoni, imekamilika, safi, na hajawahi kuiona hiyo Adenium ikichanua pale Tsavo, mimi naona amenunua karatasi tu. Kwa hivyo jibu langu ni hapana, kwa mtoto wa leo nisingeanza na stempu, ningeanza na kumtembeza. Ila kama yuko mbali na huko porini, au ni mgonjwa hatoki, basi albamu ni afadhali kuliko kukosa vyote. Na ukikuta bahasha nzima ya miaka ile kwa sanduku la nyanya yako, tafadhali usiiloweke, iache na muhuri wake wa posta na anwani, siku hizi hizo ndizo adimu.