Siku moja Nara, peke yako: maswali na majibu

Wiki mbili zilizopita niliandika kwamba mtu aliyeko Osaka, Kobe au Kyoto, nchini Japani, akipata siku moja ya mapumziko, apande treni aende Nara, mji wa mahekalu ya kale, hata kama hajapanga lolote. Maswali yamekuja mengi. Haya ndiyo yaliyojirudia.

Niko Kobe kwa mafunzo. Jumapili nikiamka nikajisikia kwenda, saa 3 asubuhi si nitakuwa nimechelewa?

Hujachelewa. Kutoka Sannomiya, stesheni ya katikati ya Kobe, kuna treni za moja kwa moja hadi Nara, mwendo wa saa moja na dakika 20 hivi. Kutoka Osaka-Namba ni kama dakika 40, na kutoka Kyoto haifiki saa moja. Hukati tiketi ya mapema wala huchagui kiti. Unagusisha kadi ya nauli getini, unaingia. Angalia mambo mawili tu. Kwanza, usipande treni inayosimama kila kituo. Mimi mara ya kwanza niliipanda na nusu saa ikapotea. Pili, Nara ina stesheni mbili kubwa. Shuka ile ya kampuni ya reli ya Kintetsu, iko karibu zaidi na bustani wanamozurura kulungu kuliko ile ya kampuni ya JR.

Kwa nini Nara na si Kyoto?

Kwa mtu mwenye siku moja, bila mpango na bila mwenyeji, Kyoto imetawanyika mno. Utashinda kwenye mabasi. Nara ilikuwa makao makuu ya Japani kuanzia mwaka 710 hadi 784, kabla Kyoto haijawa mji mkuu mwaka 794, na mengi ya kuona yako upande mmoja wa mji, unayafikia kwa miguu.

Nina saa tano tu. Nione nini?

Todai-ji. Ukipata muda wa hekalu moja tu, liwe hilo, na usilikimbilie.

Anza na lango kuu la kusini. Kushoto na kulia, gizani nyuma ya wavu, wamesimama walinzi wawili wa mbao wenye kimo cha zaidi ya mita 8. Walichongwa mwaka 1203 na mafundi wakiongozwa na Unkei na Kaikei. Watu wengi hupita wakipiga picha za kulungu hata wasiinue macho. Wewe simama. Tazama mishipa ya miguu yao.

Kisha ingia ukumbi wa Buddha. Unatoka kwenye jua, macho yanachukua muda kuzoea, halafu uso unajitokeza juu yako polepole. Sanamu ni ya shaba, ina urefu wa kama mita 15 ikiwa imekaa. Mfalme Shomu aliagiza itengenezwe baada ya miaka ya ndui na njaa iliyoua watu wengi, na ikazinduliwa mwaka 752. Siku hiyo macho ya sanamu yalichorwa na mtawa kutoka India, Bodhisena. Brashi yake ilifungwa kamba ndefu, na waliohudhuria wakaishika ili nao wawe na mkono katika kazi ile. Kila nikifika pale ni kamba ile ninayoifikiria.

Ukumbi uliteketea katika vita mwaka 1180 na tena 1567. Huu wa sasa ulikamilika mwaka 1709; una upana wa mita 57, na bado ni mdogo kuliko ule wa kwanza. Nyuma ya sanamu kuna nguzo yenye tundu chini, wanasema lina ukubwa wa tundu la pua la Buddha, na watoto hupanga foleni kupenya.

Kulungu wanauma?

Wanaweza. Wako zaidi ya elfu moja na ni wanyama wa porini, hawafugwi. Nunua biskuti zao kwa wauzaji wa bustanini, usiwape chakula chako. Wengi huinamisha kichwa kuomba. Wape upesi, kwa sababu ukiwazungusha kwa ajili ya picha watakuvuta nguo. Zikiisha, waoneshe viganja vitupu. Vuli ya huko, Septemba hadi Novemba, kaa mbali na madume.

Mimi ni Mwislamu. Nitakula nini, nitasali wapi?

Beba chakula chako, ni salama zaidi. Samaki wapo, hasa sushi ya Nara inayofungwa kwenye jani la mkaki (mti wa matunda ya persimmon), lakini mapishi mengi ya Kijapani yanatiwa mvinyo wa mchele, hivyo uliza kabla. Kwa sala, bustani ni pana, na mtu akitandika mswala pembeni kwa utulivu sijaona akisumbuliwa. Kibla ni magharibi, ukielekea kidogo kaskazini.

Ukiwa hapo mjini, tafuta wanaotwanga mochi, kitafunwa cha mchele wa kunata. Kinu na mchi kama vya kwetu, ila mchi wao umekaa kama nyundo kubwa. Mmoja anapiga kwa kasi, mwenzake anaingiza mkono kati ya pigo na pigo kuugeuza wali wa kunata, wakiitikiana kwa sauti. Unatoka wa kijani kwa majani waliyochanganya, ndani una maharagwe matamu, na unauzwa ungali moto.

Mwanamke peke yake atakuwa salama?

Ndiyo, kwa tahadhari za kawaida. Kula peke yako pia si jambo la kushangaza huko. Migahawa mingi ina viti vya kaunta kwa ajili hiyo.

Naweza kuunganisha na hekalu la Horyu-ji, nje ya mji, siku hiyohiyo?

Usiunganishe. Hapo pana majengo ya mbao ya kale kuliko yote yaliyosimama duniani. Yape siku yake.

Nirudi saa ngapi?

Ukumbi wa Buddha hufungwa saa 11 jioni kuanzia Novemba hadi Machi, na saa 11:30 miezi mingine. Watalii wakianza kuondoka, wewe panda ngazi hadi ukumbi wa Nigatsu-do, mlimani nyuma ya ukumbi wa Buddha. Hakuna kiingilio na hapafungwi. Kaa kwenye baraza lake la mbao uangalie jua likizama nyuma ya mji, kandili zikiwashwa moja moja. Kushuka, pita njia ya mawe ya upande wa nyuma, yenye kuta za udongo. Hadi stesheni ni kama nusu saa kwa miguu, na treni bado zipo nyingi.