Kufungua turbo ya Prado yenye injini ya dizeli ya 1KZ nyumbani

Ndugu, umeuliza kama kufungua turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini, kunawezekana nyumbani bila fundi. Inawezekana, ila usiwe na haraka. Kinachowatesa watu ni nati za upande wa ekzosi. Zimeungua miaka mingi, ukizilazimisha studi (bolti isiyo na kichwa) inakatika ndani ya manifoldi, yaani bomba linalokusanya moshi wa injini, na hapo kazi ya saa chache inageuka ya siku mbili. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu leo jioni, kesho rudia, ndipo ushike spana. Nati ikigoma, irudishe kidogo kama unakaza, halafu legeza tena.

Injini iwe baridi, toa waya hasi wa betri, mwaga maji ya rejeta. Fungua mipira ya hewa, paipu za maji, kisha za oili. Kila tundu lizibe kwa kitambaa safi. Nati ikidondokea humo utalia.

Wakati wa kurudisha weka gasketi mpya na washa mpya (vile vipete bapa) za shaba. Paipu inayoleta oili isafishe kabisa, maana ikiziba inaua hata turbo mpya. Mimina oili kidogo ndani ya turbo, rudisha maji ya rejeta na waya wa betri, zuia dizeli isifike kwenye injini, piga starta mpaka taa ya oili izime, ndipo uwashe.