Maswali Yenu: Kung fu za baba, filamu za watoto

SWALI: Duka la kukodisha muvi mtaani kwetu limeleta mzigo mpya: filamu za familia na kung fu za miaka ya sabini. Nina watoto wa miaka 6, 9 na 14, na baba yao hataki chochote ila kung fu. Likizo hii ya Agosti tuchukue zipi? – Mama Watatu, Umoja

JIBU: Mama Watatu, anza na Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina. Ni ya kwetu, Kiswahili kimejaa, na haifikishi dakika 80. Jo, msichana wa miaka 9, ana ugonjwa usiopona na anatamani kuwa shujaa wa sinema. Kijiji kizima kinaungana kumtengenezea filamu yake. Inagusa moyo kweli, lakini inahusu kifo cha mtoto. Huyo wa miaka 6 mweleze mapema, na uketi naye. Mkiona ni nzito, My Neighbor Totoro (1988) haina adui hata mmoja. Queen of Katwe (2016) ni ya huyo mkubwa. Inapita saa mbili, wadogo watasinzia.

Kung fu sasa. Kwa familia chukueni Drunken Master (1978): Jackie Chan akiwa kijana mtundu anayenyooshwa na mwalimu mlevi, mapigano na vicheko pamoja. The 36th Chamber of Shaolin, ya mwaka huohuo, ndiyo tunayoipenda zaidi. Gordon Liu anabeba ndoo za maji mikono ikiwa imenyooka, visu vimefungwa mikononi: akilegea tu, vinamchoma mbavuni. Mwanzo wake una mauaji, kwa hiyo wa miaka 6 asubiri. Enter the Dragon (1973) ya Bruce Lee iwekeni watoto wakishalala. Angalieni pia daraja la KFCB, bodi ya Kenya inayopanga filamu kwa umri: GE ni ya wote, PG yataka mzazi awepo, kisha 16 na 18.

Kabla ya kulipa, kagua nakala yenyewe. Filamu ya Shaolin ilipigwa kwa picha pana sana, upana mara 2.35 ya kimo. Nakala iliyokatwa ili ijaze runinga za zamani za 4:3 (upana 4 kwa kimo 3) hupoteza karibu asilimia 43 ya picha, na katika kung fu kinachopotea ni mpinzani: unaona teke, huoni limempata nani. Mwombe mwenye duka aicheze hadi wapiganaji wawili wasimame wakitazamana. Ukiona mmoja tu, au pua mbili pembeni, rudisha. Kwenye runinga pana, mistari myeusi juu na chini ni dalili njema. Usiikuze kwa rimoti.

Mkijaziwa filamu kwenye flashi iliyo katika FAT32 (mfumo wa kupanga faili), faili inayozidi GB 4 haitaingia. Ikitoa sauti bila picha, huenda imebanwa kwa H.265, mbinu ya kubana video ambayo runinga yenu haiisomi. Ombeni ya H.264.

SWALI: DVD ya kukodi inakwama katikati. Niifute vipi? – Msomaji, Kawangware

JIBU: Kwa kitambaa laini cha miwani, kutoka tundu la katikati moja kwa moja hadi ukingoni. Usizungushe: data imeandikwa kwa mstari unaozunguka, na mkwaruzo unaoufuata mstari huo hula data nyingi mfululizo, ilhali unaoukata hula kidogo, nayo mashine hujirekebisha. Ikiwa inasita mara moja tu, chini ya sekunde moja, kisha ikaendelea, mashine inahamia tabaka la pili la diski. Hapo usifute chochote.