Iulizeni Seva Kwanza: Kutambua Toleo la Maktaba ya C Kabla ya Kuchagua Kifurushi

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kusimika programu kwenye seva za wateja hapa Dar es Salaam, mapema tu mtakutana na ujumbe unaolalamika kwamba `GLIBC_2.34` haikupatikana, na wengi mtadhani kifurushi mlichopakua kimeharibika. Kifurushi ni kizima. Programu hiyo ilijengwa kwenye mashine yenye maktaba ya C (iitwayo glibc) mpya kuliko iliyomo kwenye seva ya mteja, nayo karibu kila programu ya Linux huitegemea maktaba hiyo ili kufungua faili, kuomba kumbukumbu au kuwasiliana na mtandao. Iliyojengwa juu ya toleo la zamani kwa kawaida hufanya kazi kwenye toleo jipya; iliyojengwa juu ya jipya mara nyingi hukataa kwenye la zamani.

Kwa hiyo, kabla ya kumaliza bando kwa kupakua vifurushi vya kubahatisha, iulizeni seva yenyewe. Amri ya `ldd --version` hutaja toleo kwenye mstari wa kwanza, na `getconf GNU_LIBC_VERSION` hutoa jibu fupi kama `glibc 2.35`, ambalo ndilo ninalolipendelea ndani ya skripti. Ubuntu 22.04 ina 2.35 na Debian 12 ina 2.36, ilhali CentOS 7, ambayo bado naikuta katika ofisi za Posta na Kariakoo ingawa matengenezo yake yalikoma tarehe 30 Juni 2024, imebaki na 2.17.

Mahali panaponitia wasiwasi zaidi ni kwenye kontena (mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu) za Alpine, aina ndogo ya Linux, kwa sababu hizo hazitumii glibc bali musl, maktaba nyingine ya C. Huko `ldd --version` huandika jibu lake kwenye mkondo wa makosa, hivyo skripti inayosoma mkondo wa kawaida peke yake hupata mstari mtupu na kuamua kwamba mfumo ni wa kizamani, jambo ambalo si kweli hata kidogo. Ongezeni `2>&1` ili kuunganisha mikondo hiyo miwili, kisha tafuteni neno musl kabla ya kutafuta namba. Namba nazo zilinganisheni sehemu kwa sehemu, kwa mfano kwa `sort -V`, maana zikisomwa kama maandishi 2.9 huonekana kubwa kuliko 2.17.

Upande wa programu, `objdump -T` ikichujwa kwa `grep GLIBC_` huonyesha matoleo ya glibc ambayo programu inayadai, na lililo kubwa kuliko yote ndilo seva inalopaswa kufikia. Kwa faili msiloliamini tumieni hiyo badala ya `ldd`, kwani `ldd`, ambayo pia huorodhesha maktaba ambazo faili linazihitaji, inaweza kuishia kuliendesha faili lenyewe.

Matoleo yakipishana, nawasihi sana msinakili `libc.so.6` kutoka mashine nyingine na kuibandika juu ya ile ya mteja: amri za kawaida kama `ls` na `cp` zinaweza kugoma papo hapo, na seva ikakataa hata kuwaingiza tena. Jengeni programu upya ndani ya kontena yenye mfumo wa zamani kama wa mteja wenu mwenye seva kongwe kuliko wote. Kwa vifurushi vya Python, tafuteni chenye alama `manylinux_2_17`, yaani kinachokubali glibc kuanzia 2.17, au `musllinux` ikiwa ni Alpine. `Pip`, kisakinishi cha vifurushi vya Python, husoma alama hizo na kuruka visivyofaa.